Nyota, Khanga na Kona ya Ukuta

Mwaka jana niliitwa kwenye jopo la watu wanne hapa Mtwara mjini, kupitia maombi ya vijana waliotaka kusaidiwa ada ya shahada ya uzamili. Kila mwombaji alikuwa na fomu yake. Safu ya tatu iliandikwa "Fani", ya nne "Idadi ya machapisho", na mbele ya kila safu paliachwa nafasi ya alama. Tulianza saa tatu asubuhi, na adhuhuri ilipoadhiniwa tulikuwa tumemaliza bahasha zaidi ya 30. Kasi ile inanisumbua mpaka leo.

Bahasha moja ilikuwa ya kijana wa Nanyamba aliyesoma fizikia na kompyuta. Hakuwa na makala iliyochapishwa, alikuwa na ripoti mbili za miradi ya chuoni. Ya kwanza ilihusu kutafuta nyota hafifu kwenye picha za anga zinazopatikana bure mtandaoni. Ya pili ilihusu kutambua ugonjwa wa ubwiri unga kwenye picha za maua ya mkorosho, alizopiga kwa simu shambani kwa mama yake. Mzee mmoja wa jopo, ninayemheshimu sana, alizishika ripoti zote mbili, moja kila mkono, akauliza: "Sasa huyu ni wa nyota au wa korosho?" Mwenzetu mwingine akadakia: "Mshika mbili moja humponyoka." Kwenye fani kijana akapata 2 kati ya 10. Kwenye machapisho akapata 0. Mimi nilikuwa na kalamu mkononi, nikanyamaza.

Huu ni mwaka wangu wa 19 nikifundisha fizikia, na siku ile nilipaswa kusema. Ninayoyaandika hapa ndiyo ningeyasema, na naanza na rekodi ya mtafiti ambaye hakuna jopo lingethubutu kumpa sifuri.

Katie Bouman ni Mmarekani, anafundisha chuo cha Caltech, California. Dunia ilimfahamu tarehe 10 Aprili 2019, siku ilipotolewa picha ya kwanza ya shimo jeusi (kitu cha angani chenye mvuto mkali hata mwanga hauwezi kutoka), lile lililo katikati ya galaksi ya M87, miaka ya nuru milioni 55 kutoka kwetu. Wengi tuliiona kwenye simu: pete ya rangi ya chungwa, giza katikati. Watu wakadhani huyu dada amesomea nyota tangu mwanzo. Lakini ukiifungua orodha ya machapisho yake ukaisoma kutoka chini, kwenye yale ya zamani, unachokutana nacho ni nguo.

Mwaka 2013, kwenye mkutano wa ICCV, mmoja wa mikutano mikubwa ya uoni wa kompyuta (fani ya kuifundisha kompyuta kuelewa picha), yeye na wenzake walitoa makala kuhusu vitambaa. Waliuliza hivi: ukitazama video ya kitambaa kinachopepea, bila kukigusa, unaweza kujua uzito wake na ugumu wake? Simama nyuma ya nyumba yoyote ya Shangani kusi linapovuma. Kwenye kamba pana khanga, pana kitenge kipya, pana suruali ya jinzi. Khanga inaruka juu na kujikunja mikunjo midogo midogo. Kitenge ambacho hakijafuliwa hata mara moja kinajaa upepo kama tanga, kisha kinarudi kwa kishindo. Jinzi inayumba tu, taratibu. Hujagusa kitu, na jicho limeshakuambia kipi chepesi, kipi kigumu. Bouman na wenzake walitaka kompyuta ilione hilo na ilitaje kwa namba.

Miaka minne baadaye, kwenye mkutano huohuo, akaja na kona ya ukuta. Mtu yuko upande wa pili wa kona, humwoni. Lakini sakafuni, pale ukuta unapokomea, mwanga unaotoka upande wake hubadilika kidogo kila anaposogea. Badiliko hilo ni dogo mno kwa jicho, ila kamera ya kawaida hulinasa. Kwa kuchambua kipande kile cha sakafu tu, walionyesha kwamba inawezekana kujua wako watu wangapi nyuma ya kona na wanasogea kuelekea upande gani.

Katikati ya makala hizo mbili, mwaka 2016, ndipo lilipo shimo jeusi. Na hata hilo halikuanzia kwenye jarida la astronomia. Lilianzia kwenye CVPR, mkutano mwingine wa watu wa picha.

Hapa naomba msomaji anivumilie kidogo, maana ndipo penye kiini. Kuliona shimo lile kwa darubini moja kungehitaji darubini yenye ukubwa wa dunia. Kwa hiyo wanasayansi waliunganisha darubini za redio zilizoko Hawaii, Arizona, Mexico, Chile na Hispania. Kila jozi ya darubini hutoa kipande kimoja kidogo cha habari kuhusu picha. Dunia inapozunguka, vipande huongezeka, lakini havitoshi kamwe. Picha zinazoweza kukubaliana na vipimo hivyo hazina idadi, na nyingi hazina maana yoyote. Uchague ipi?

Nafikiria fundi anayeletewa mkeka ulioliwa na mchwa. Anaangalia ukili uliosalia, anaujua msuko unavyokwenda, anajaza matundu. Njia waliyoitoa Bouman na wenzake mwaka 2016 inafanana na hiyo: kompyuta ilijifunza vipande vidogo vidogo vya picha huwaje, kisha ikavitumia kuziba mapengo bila kuvunja vipimo. Hatari yake nayo ni ya fundi yule yule, anayeweza kujaza msuko aliouzoea yeye badala ya ule uliokuwapo. Waliliona hilo mapema. Wakaifundisha kompyuta kwa vipande vya aina tofauti kabisa: vya mashimo meusi yaliyobuniwa kwa hesabu, vya picha za anga, na vya picha za kawaida za maisha ya kila siku. Majibu yakatoka yanakaribiana. Maana yake vipimo vyenyewe ndivyo vilivyokuwa vinasema, mazoea ya kompyuta hayakuvifunika.

Nguo, kona, shimo jeusi. Kwenye fomu yetu hizo ni fani tatu, na mtu wa fani tatu alama zake tulikwisha kuziona. Lakini soma ndani. Kote kuna kitu kisichoonekana moja kwa moja, kuna alama chache kilizoziacha, kuna fizikia inayoeleza alama hizo zilivyotokea, na kazi ni kurudi kutoka kwenye alama hadi kwenye kitu. Tasnifu yake ya udaktari, aliyoiwasilisha chuo cha MIT mwaka 2017, inataja kwenye kichwa chake, mstari mmoja, kuona nyuma ya kona na kupiga picha mashimo meusi. Msimamizi wake, William Freeman, ni mtu wa uoni wa kompyuta, na hakumwambia achague moja. Dada huyu alikuwa ameshika kitu kimoja tangu mwanzo, kwa hiyo hapakuwa na cha kumponyoka.

Sasa tuje kwenye kuhesabu.

Matokeo ya M87 yalitoka mwaka 2019 kama makala sita kwa mpigo kwenye Astrophysical Journal Letters, kwa jina la ushirika mzima wenye watafiti zaidi ya 200. Majina yamepangwa kwa alfabeti. Linalotangulia ni la Kazunori Akiyama, ambaye kwa kweli ni mtu mkubwa kwenye kazi ile, lakini kilichomweka mbele ni herufi A. Bouman yuko huko kwenye B, baada ya wenzake kadhaa. Fomu inayouliza "Je, ni mwandishi wa kwanza?" ingemwandikia hapana kwenye makala zote sita.

Upande wa pili, makala zake za 2013, 2016 na 2017 ni za mikutano. Wanaastronomia wengi wakisikia "makala ya mkutano" wanafikiria muhtasari wa kurasa mbili ambao hakuna aliyeukagua. Kwenye uoni wa kompyuta mambo ni kinyume: mikutano kama CVPR na ICCV ndiko kazi bora hupelekwa kwanza, wapitiaji ni wakali, na makala nyingi hukataliwa. Fomu inayotambua majarida peke yake ingeifuta nusu ya maisha yake ya kazi. Hata ile namba maarufu aliyoipendekeza mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005, ambayo humpa mtafiti 20 iwapo makala zake 20 zimerejelewa walau mara 20 kila moja, haijui kutofautisha makala ya watu watano na ya watu 200. Inajumlisha maembe na nazi kwenye tenga moja.

Kuna kisa cha mwaka 2019 kilichoniuma. Picha ya Bouman akiwa mbele ya kompyuta yake ilisambaa, na watu fulani mtandaoni wakaanza kumshambulia. Waliingia GitHub, mahali programu ile ilipohifadhiwa, wakahesabu mistari iliyoandikwa na kila mmoja, wakatangaza kwamba mwenzake Andrew Chael ameandika mistari 850,000 na kwamba huyu dada amebebwa. Chael mwenyewe ndiye aliyejitokeza kumtetea. Alieleza kwamba mingi ya mistari ile ilikuwa mafaili ya mifano ya hesabu, na kwamba programu nzima ina mistari kama 68,000. Naye Bouman alikuwa ameshasema bayana kwamba hakuna mtu mmoja wala programu moja iliyoitengeneza picha ile.

Na ni kweli. Picha iliyotangazwa ni wastani wa kazi ya programu tatu, na njia yake ya 2016 haimo kati ya hizo tatu. Hili nalieleza wazi kwa sababu wapo watakaoliona kama doa. Mimi naliona kama sehemu nzuri kuliko zote katika rekodi yake. Swali lililoanza mwaka 2016, la fundi wa mkeka kujidanganya, liliingia katika kazi nzima. Mwaka 2018 waliojenga picha waligawanywa makundi manne, wakakatazwa kuambiana chochote, kila kundi likatengeneza picha yake kivyake. Walipokutana na kuziweka pamoja, zote nne zilikuwa na pete. Bouman alikuwa miongoni mwa walioongoza kazi ya kuzijaribu njia hizo kwa data za kubuni, kuona kama zinaweza kutofautisha pete na kitu kisicho pete. Mchango wa namna hiyo utauandika kwenye safu gani? Hauna safu. Unaupata kwa kusoma.

Wala hayuko peke yake. Julai iliyopita, usiku usio na mbalamwezi, niliwapeleka wanafunzi wa kidato cha tano ufukweni Mikindani. Simu tuliiegemeza kwenye tofali, tukaiacha wazi kwa sekunde 10 ikitazama kundi la Nge. Picha ile tuliituma Astrometry.net, tovuti inayotambua nyota kwenye picha, bila kuieleza tulipo wala tulikoielekeza simu. Baada ya muda ikarudi ikiwa na majina, nyota ya Antares imezungushiwa duara. Msichana mmoja aliuliza: "Mwalimu, imejuaje na hatujaiambia?" Inajua hivi: huchukua nyota nne, mbili zilizo mbali zaidi huzifanya kama pembe mbili za fremu, kisha hupima nyota mbili zilizobaki ziko wapi ndani ya fremu hiyo. Hupatikana namba nne, na namba hizo hazibadiliki hata ukiigeuza picha kichwa chini au ukiikuza. Ni mbinu ya watu wa uoni wa kompyuta, waliyoizoea kwa kutambua vitu vilivyogeuzwa, ikapelekwa angani. Makala yake ilitoka mwaka 2010 kwenye Astronomical Journal. Mwandishi wa kwanza, Dustin Lang, alipata udaktari wake Toronto upande wa kompyuta. Kati ya wenzake wapo David Hogg, mwanaastronomia, na Sam Roweis, aliyejulikana zaidi kwa kuzifundisha mashine. Mzee wetu angewauliza: ninyi ni wa wapi?

Kuhusu majina, sisi wa Kusini tuna kumbukumbu yetu, na nashangaa hatuitumii. Tendaguru iko kilomita kama 60 kaskazini-magharibi ya Lindi mjini. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba pale mifupa ya dinosaria, na mizigo ilibebwa vichwani na mabegani na watu wetu hadi bandari ya Lindi, ikapakiwa kwenda Berlin. Mmoja wa wanyama hao leo amesimamishwa kwenye jumba la makumbusho la huko, kimo cha zaidi ya mita 13. Aliyewasimamia wachimbaji, na ambaye mkono wake ulikuwa hodari wa kuisafisha mifupa, ni Boheti bin Amrani. Mwaka 1914 Werner Janensch alipompa jina yule mnyama mkubwa, alimwita Brachiosaurus brancai, kwa heshima ya Wilhelm von Branca, mkurugenzi wa makumbusho aliyekuwa Berlin. Boheti alisubiri mpaka 2007, ndipo mtafiti Kristian Remes alipokiita kiumbe kingine cha Tendaguru Australodocus bohetii. Ni miaka 93. Ukitaka kujua kwa nini orodha ya majina juu ya makala haiwezi kukuambia nani alifanya nini, huna haja ya kwenda hadi M87. Panda gari la Lindi.

Nakubali kwamba wapo wanaorukaruka. Nimesoma rekodi za watu walioandika leo kuhusu mapapai, kesho kuhusu benki, keshokutwa kuhusu satelaiti, na kila mara wamechukua programu ya mtu mwingine wakabadilisha picha za kuingiza. Wasiwasi wa wenzangu haukuwa wa bure. Ila namna ya kumtambua mtu huyo iko wazi: fungua sehemu ya mbinu katika kazi zake mbili zilizo mbalimbali, uzisome kwa pamoja. Kama kuna ugumu uleule anaopambana nao kote kuwili, huyo ana fani, hata kama fani hiyo haina jina kwenye fomu. Kama hakuna ugumu wowote anaoutaja, hapo mpe alama zako mbili.

Nilifanya hivyo kwa ripoti za yule kijana. Nilichelewa, jopo lilikuwa limekwisha kufunga, lakini nilifanya, usiku, na daftari pembeni.

Kwenye ripoti ya nyota tatizo lake ni hili: nyota hafifu ni vidoa vyeupe juu ya anga ambalo si jeusi sawasawa. Kona moja ya picha ina mng'ao, nyingine ina giza. Ukiweka kiwango kimoja cha mwanga kwa picha nzima, upande mmoja utaokota nyota za uongo na upande mwingine utazipoteza za kweli. Alifuata njia ya SExtractor, programu ya Emmanuel Bertin na Stéphane Arnouts ya mwaka 1996: igawe picha katika miraba, kadiria mwanga wa nyuma katika kila mraba, uondoe, ndipo utafute vidoa.

Kwenye ripoti ya korosho, ubwiri unga ni nini mbele ya kamera? Ni vumbi jeupe, hafifu, juu ya maua na majani machanga ambayo hayana mwanga sawasawa. Tawi moja liko juani, jingine kivulini, na asubuhi kuna umande unaong'aa kama ubwiri wenyewe. Aliyelima korosho anajua unavyolitazama shada la maua saa kumi na mbili na nusu na usiwe na hakika mpaka ulipitishie kidole. Kijana alichukua miraba ileile ya wanaastronomia akaipeleka kwenye shada la maua. Ameandika kabisa, kwenye ukurasa wa 6, kwamba umande ndio uliomshinda, na kwamba anataka kusoma zaidi ili autenganishe na ubwiri. Hiyo ndiyo sababu aliyoitoa ya kuomba ada.

Njia kama hiyo imeshapitiwa na wengine kwenye zao jirani. Mwaka 2017 Amanda Ramcharan na wenzake walitoa makala kuhusu kutambua magonjwa ya muhogo, batobato na michirizi ya kahawia yakiwemo, kwa picha zilizopigwa mashambani karibu na Bagamoyo. Picha zenyewe hazikufika 3,000. Ziliwatosha kwa sababu walianza na mtandao wa kompyuta uliokuwa umeshajifunza kutambua picha za vitu vya kawaida, wakauongezea muhogo juu yake. Mbinu ilihama kutoka kwenye vitu ambavyo havihusiani na shamba hata kidogo. Mikoa yetu miwili inakula muhogo na kuishi kwa korosho. Tukimfukuza kijana kwa kosa la kuhamisha mbinu, tunamfukuza kwa sababu ya kitu hichohicho tunachomhitaji nacho.

Nimewaandikia wenzangu wa jopo barua ya kurasa mbili. Nimeomba safu ya "Fani" iondolewe na mahali pake mwombaji aeleze kwa maneno yake ni tatizo gani analolifuata na kalifuata wapi na wapi. Nimeomba safu ya machapisho iombe kazi moja tu, awe amechapisha au hajachapisha, pamoja na mistari mitano ya kusema yeye mwenyewe alifanya nini ndani yake. Nimeomba pia tusipitie bahasha zaidi ya kumi kwa siku, na posho ya siku za ziada mimi siihitaji. Ripoti za kijana nimeziambatanisha zote mbili. Ukurasa wa 4 wa ile ya nyota na ukurasa wa 6 wa ile ya korosho nimeviwekea karatasi nyekundu, ili yule mzee akizishika tena, moja kila mkono, azifungue mahali hapo.

Kikao ni mwezi ujao. Kijana bado yuko Nanyamba, na asubuhi ya leo amenitumia picha nyingine, shada moja la maua kabla jua halijapanda, akiuliza kama naona alichokiona yeye upande wa kushoto.